Mji Usiopewa Habari Zake



Katika kila mji mdogo wa nchi yetu uko ubao wa matangazo. Husimama mbele ya ofisi ya mtendaji, umezungushiwa wavu na kufungwa kwa kufuli, ili mbuzi wasile karatasi wala watoto wasizichane. Hapo ndipo tunaposoma siku ya mnada, majina ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na wito wa kulipa ushuru.

Mwezi Februari 2021 nilisimama mbele ya ubao wa mji wetu. Palikuwa na karatasi moja tu, iliyopauka kwa jua: picha ya mikono ikinawa kwa maji tiririka. Ilikuwa imebandikwa karibu mwaka mzima kabla ya siku ile. Juma hilo hilo katekista wetu, ambaye kwa kawaida huongoza mazishi mara moja au mbili kwa mwezi, alikuwa ameongoza mazishi matatu. Wafiwa wote walitumia maneno yale yale: marehemu alipata changamoto ya kupumua. Kila nyumba ilijua msiba wake, lakini mji haukujua misiba yake.

Hoja ninayotaka kuiweka mbele yenu, waamini na viongozi wa walei, ni moja. Habari za mji ni mali ya wakazi wa mji. Serikali ya mahali inayowanyima wananchi habari hizo wakati wa maradhi huwadhulumu sawasawa na ile inayokula fedha zao. Na sisi tunaonyamaza tunashiriki dhuluma hiyo.

Jinsi ukimya ulivyotufikia

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, akiwa Arusha. Siku iliyofuata shule zilifungwa. Kwa majuma kadhaa tulipata taarifa: wagonjwa wangapi, mkoa gani, wangapi wamepona. Kisha, baada ya siku za mwisho za Aprili, hesabu ilisimama: wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Mei uongozi wa nchi ulitilia shaka hadharani vipimo vya maabara ya taifa, na mwezi Juni ukatangaza kwamba nchi imeushinda ugonjwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa mwaka huo huo zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka. Kwa zaidi ya mwaka mmoja namba 21 haikubadilika, kana kwamba kifo nacho kilikuwa kimepewa likizo.

Lakini watu waliendelea kufa. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimekwisha kusema wazi kwamba anaugua korona. Mwanzoni mwa Machi, Baraza la Maaskofu Katoliki lilieleza kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike zaidi ya 60 walikuwa wamefariki dunia. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika nini kilimwua kila mmoja wao, maana upimaji ulikuwa umedorora. Hata hivyo mtu yeyote mwenye akili anaweza kuweka hesabu hizo mbili sawia, 21 ya taifa zima na hiyo ya mapadre na watawa peke yao, akajiuliza.

Mambo yalianza kubadilika baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka tarehe 19 Machi 2021. Aliunda kamati ya wataalamu, nayo mwezi Mei ikashauri kwamba takwimu zitolewe tena. Tarehe 28 Julai 2021 yeye mwenyewe alichanjwa hadharani. Tunashukuru. Lakini shukrani hiyo isitusahaulishe swali: katika miezi ile yote, serikali yetu ya mji mdogo ilikuwa wapi?

Habari hupanda, hazishuki

Wengi hujibu kwamba jambo la korona lilikuwa la wakubwa, na kwamba mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kata hakuwa na la kufanya. Jibu hilo lina ukweli nusu. Tuangalie utaratibu ulivyo. Kila zahanati na kila kituo cha afya hutakiwa kutuma taarifa za magonjwa ya kuambukiza kwa mganga mkuu wa wilaya. Wilaya hupeleka mkoani, na mkoa hupeleka wizarani. Maana yake ni kwamba habari ya kwanza kabisa juu ya afya ya mji wetu huandikwa hapa hapa mjini, na mkono wa mwenzetu, katika daftari lililo umbali wa dakika chache kutoka sokoni. Kisha daftari hilo hupanda gari na kwenda zake. Habari hupanda; hazishuki.

Haikuwa hivyo sikuzote. Kipindupindu kilipozuka mwezi Agosti 2015, idadi ya wagonjwa na vifo ilitangazwa mara kwa mara. Mama lishe walijua kwa nini vibanda vyao vilifungwa. Akina mama walijua kwa nini wachemshe maji, na vijana waliochimba vyoo walijua kwa nini wanachimba. Watu walipopewa habari walipewa pia kazi ya kufanya. Kumbe hatuhitaji kufundishwa na mgeni namna ya kuambizana ukweli wakati wa ugonjwa. Tulikuwa tunajua, tukaacha.

Na ukimya hauachi nafasi tupu. Pale ambapo taarifa ya halmashauri haifiki, uvumi hufika na mzigo wake wote. Katika mji wetu ilisemwa kwamba aliyekwenda hospitali hachomoki. Matokeo yake wagonjwa walifungiwa ndani na kufukizwa nyungu hadi pumzi ikakatika. Ilisemwa pia kwamba barakoa ni dalili ya hofu na imani haba, hivyo walioivaa wakachekwa hadi kanisani. Chanjo ilipofika, ilikuta masikio yaliyokwisha kujaa maneno. Mtu aliyeambiwa kwa mwaka mzima kwamba ugonjwa haupo, utamwambiaje kwa siku moja kwamba achanjwe dhidi yake? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliongeza sura nyingine: mficha maradhi ya mji huumbua mji mzima.

Darasa la shilingi milioni 20

Katika janga hilo hilo tulipata pia somo la kinyume chake, na ni haki tulitaje. Tarehe 10 Oktoba 2021 ulizinduliwa Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.3, fedha za mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa ajili ya kukabiliana na athari za korona. Sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya madarasa 15,000: vyumba 12,000 katika shule za sekondari na 3,000 katika shule shikizi. Bei ya chumba kimoja ilitangazwa nchi nzima: shilingi milioni 20.

Namba hiyo moja ilifanya maajabu. Mkulima ambaye hajawahi kuona kitabu cha hesabu cha halmashauri alijua kwamba vyumba viwili ni milioni 40. Alipopita karibu na shule aliweza kuhesabu mifuko ya saruji na mabati. Fundi aliyecheleweshewa malipo alijua amwulize nani. Sisemi kwamba hakuna senti iliyopotea mahali popote. Sina ushahidi wa hilo wala wa kinyume chake. Nasema tu kwamba hapakuwa na mtu aliyeweza kuja katika mkutano na kutuambia chumba kimoja kimegharimu milioni 35, maana tungemzomea. Namba iliyojulikana ilikuwa mlinzi asiyelala wala kudai mshahara.

Basi linganisheni mambo haya mawili. Juu ya madarasa tulipewa hesabu, tukawa raia wenye kuuliza. Juu ya wagonjwa tulinyimwa hesabu, tukawa watu wa kunong'ona. Wananchi walikuwa wale wale na mji ule ule. Tofauti ilikuwa ni kujua na kutojua.

Majibu kwa wanaopinga

Wako watu wema wanaopinga fikra hii, nao wanastahili jibu la heshima.

Wa kwanza husema: mkitangaza idadi ya wagonjwa mtaleta taharuki. Nawauliza: je, mwaka 2021 hapakuwa na taharuki? Watu waliogopa kila kikohozi kwa kuwa hawakujua kama wagonjwa ni watatu au mia tatu. Hofu ya jambo lisilo na kipimo ni kubwa kuliko hofu ya jambo lililopimwa. Mama anayeambiwa kwamba juma hili zahanati imepokea wagonjwa saba wenye dalili hizi ataogopa kiasi, kisha atapanga. Yule asiyeambiwa kitu ataogopa bila kiasi, wala hatapanga lolote.

Wa pili husema: ugonjwa ni siri ya mgonjwa. Ni kweli, na Tume hii haitakubali jina la mgonjwa yeyote libandikwe ubaoni. Tuliona katika miaka ya ukimwi jinsi jina likitajwa ovyo linavyoweza kumtenga mtu na ndugu zake. Lakini idadi haina jina. Kusema wamelazwa saba si kusema ni akina nani. Kinyume chake, pale idadi inapofichwa ndipo majina hutafutwa kwa kunong'ona, na mtu asiye na hatia hunyoshewa kidole.

Wa tatu husema: viongozi wetu wa chini waliamriwa kunyamaza, nao wana familia. Hili ndilo jibu lenye uzito zaidi. Sipendi tumtwike mwenyekiti wa kitongoji dhambi iliyoanzia juu yake. Tena tukumbuke kwamba wengi wa viongozi hao walipatikana katika uchaguzi wa tarehe 24 Novemba 2019, ambao vyama vya upinzani vilijitoa, na sehemu kubwa ya nafasi zikapata watu waliopita bila kupingwa. Kiongozi asiyepata kazi yake kwa kura zetu hana sababu kubwa ya kutuogopa sisi. Humwogopa aliye juu yake.

Lakini hapo hapo ndipo penye kiini cha haki. Katiba yetu, katika ibara ya 18, inampa kila raia haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya matukio muhimu kwa maisha ya watu na juu ya masuala muhimu kwa jamii. Ibara za 145 na 146 zinaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa utaratibu, unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa afisa siku 30 za kujibu ombi la raia. Kwa hiyo amri ya kunyamaza haikuwa kubwa kuliko sheria. Ilionekana kubwa kwa sababu hakuna aliyesimama mkutanoni na kuitaja sheria.

Kanisa nalo lijihoji

Tusije tukamnyoshea mtendaji kidole na kusahau vidole vinavyotuelekea sisi wenyewe. Ni kweli kwamba mwezi Januari 2021 maaskofu wetu waliandika barua ya kutahadharisha juu ya wimbi jipya la maambukizi, wakati kusema hivyo kulikuwa kugumu, wakatukumbusha kwamba nchi yetu haikutengwa na dunia. Barua hiyo ilisomwa. Lakini kati ya barua ya maaskofu na jumuiya ndogo ndogo kuna njia ndefu, na katika njia hiyo sauti ilififia. Vigango vingine viliweka ndoo za maji, vikapanga mabenchi mbali mbali. Vingine viliona aibu kufanya hivyo.

Liko jambo la pili, la kutuhuzunisha zaidi. Kila parokia ina kitabu cha marehemu. Sheria ya Kanisa inadai kiandikwe: jina, umri, siku ya kuzikwa. Wasomi wa historia hutumia vitabu vya namna hiyo hata leo ili kujua ni watu wangapi waliokufa katika magonjwa makuu ya Ulaya ya zamani. Sisi mwaka 2021 tulikuwa nacho kabatini. Kama katibu wa Halmashauri ya Walei angalikifungua na kuhesabu mazishi ya Januari na Februari, kisha akayalinganisha na mazishi ya miezi hiyo hiyo ya mwaka uliotangulia, tungalipata habari ya mji wetu bila kuomba kibali cha mtu. Mimi nilikuwa mmoja wa viongozi wa walei wakati ule. Sikukifungua. Nilisema moyoni kwamba si kazi yangu.

Wako wakoma wanne katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 7, waliokuta kambi ya adui tupu wakati mji wa Samaria ukifa kwa njaa. Walikula, wakanywa, wakaficha vitu. Kisha dhamiri ikawashtua: kukaa kimya na habari inayoweza kuokoa mji ni kosa, na kungoja hadi asubuhi ni kujitafutia adhabu. Wakaenda usiku ule ule kuwaita walinzi wa lango. Watu waliotupwa nje ya mji ndio waliotambua kwamba habari ni deni.

Papa Yohane wa XXIII, katika waraka wake wa Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliihesabu haki ya kupewa habari za kweli juu ya mambo ya jamii miongoni mwa haki za asili za binadamu. Hakuiita fadhila ya watawala. Ni haki, na haki hudaiwa.

Mlipuko mwingine hautatungoja

Mtu atauliza: kwa nini kufukua mambo yaliyopita? Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura ya kimataifa tena. Je, si tuiache ipumzike?

Tungaliweza, kama magonjwa nayo yangalipumzika. Mwezi Machi 2023 virusi vya Marburg vilizuka katika wilaya ya Bukoba Vijijini, mkoani Kagera. Serikali ilitangaza tarehe 21 Machi, watu waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha, baada ya watu 9 kuugua na 6 kati yao kufa. Katikati ya Januari 2025 ugonjwa huo huo ulirudi mkoani humo, safari hii Biharamulo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu waliodhaniwa kuugua. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Watu 10 walihesabiwa, 2 waliothibitishwa kwa vipimo na 8 waliodhaniwa, na wote 10 walifariki.

Sitaki kuhukumu wataalamu wa maabara. Sampuli moja huweza kukosa virusi na nyingine ikavionyesha. Nataka tujiweke mahali pa mkazi wa Biharamulo katika siku zile chache, akisikia neno moja kutoka Geneva na jingine kutoka Dodoma, na ubao wa ofisi ya kata yake hauna hata neno moja. Amwuguze ndugu yake kwa mikono mitupu, au asimguse? Ahudhurie msiba, au akae nyumbani? Kwa ugonjwa wa namna ile, jibu la swali hilo ndilo uhai wenyewe.

Tufanye nini?

Hatuhitaji kusubiri mlipuko. Wenyeviti tulio nao sasa walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, na muda wao ni wa miaka mitano. Tuwaombe mapema, kwa heshima na kwa maandishi, mambo matatu.

Kwanza, mikutano ya wananchi ifanyike kwa tarehe zinazojulikana, na mapato na matumizi yasomwe kabla ya jambo jingine lolote. Mwananchi aliyezoea kusomewa hesabu wakati wa afya hatakubali kunyimwa wakati wa ugonjwa.

Pili, uwepo makubaliano kati ya serikali ya mji, mganga wa kituo na viongozi wa dini zote, kwamba ugonjwa wa kuambukiza ukizuka, idadi ya wagonjwa waliopokelewa juma hilo itabandikwa ubaoni bila majina, pamoja na maelezo mafupi ya dalili na mahali pa kwenda. Karatasi moja kwa juma inatosha. Misikiti na makanisa isome karatasi hiyo hiyo, ili pasiwe na habari ya Wakristo na habari ya Waislamu.

Tatu, sisi wenyewe tukitunze kitabu cha marehemu kama tunavyotunza kitabu cha sadaka. Katibu wa parokia ahesabu kila mwezi na kuipa Halmashauri ya Walei hesabu hiyo. Mazishi yakizidi kuliko kawaida, mwenyekiti aende kwa mganga na kwa mtendaji siku hiyo hiyo kuuliza.

Ubao wa matangazo wa mji wetu bado upo. Wavu umetoboka upande mmoja, lakini mbao ni nzima. Ile karatasi ya mikono inayonawa iliondolewa zamani, na alama zake nne za gundi bado zinaonekana.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni lini mara ya mwisho mapato na matumizi yalisomwa katika mkutano wa kitongoji au kijiji chetu? Nani aliuliza swali?
2. Mwaka 2021 tulipataje habari za ugonjwa katika jumuiya yetu? Habari zipi zilikuwa za kweli, na zipi zilituumiza?
3. Nani kati yetu atakwenda kuonana na mtendaji juma hili, na ataandamana na nani?